Msaada: tunatafuta mawazo ya picha kwa vidio ya wimbo, tuko Mtwara

Msomi wa Shangani

Habari za jioni wakuu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, stashahada ya utangazaji, hapa Mtwara. Tumepewa kazi ya kikundi: kutengeneza vidio ya wimbo. Kabla hatujashika kamera mwalimu anataka ubao wa picha, yaani picha zisizopungua 12 zilizobandikwa pamoja, kila moja na maelezo kwa nini ipo. Tumekwama hapo hapo.

Wimbo ni wa mwenzetu darasani, katunga na kurekodi mwenyewe. Una dakika 3 na sekunde 12, kasi yake mapigo 100 kwa dakika. Gitaa, ngoma moja, sauti yake, na mwishoni dada zake wanaitikia. Unamhusu kaka aliyekwenda Dar kutafuta maisha, miaka inakwenda, hajarudi. Kiitikio kinasema: "Sahani yako tumeifunika, kaka, mlango hatujafunga."

Mpaka sasa tumekusanya picha za Pinterest na kupiga skrini vidio za YouTube. Tukizitandaza mezani haziongei na wimbo: magari ya kukodi, mabwawa ya kuogelea, msichana anatembea ufukweni, droni inapaa. Mmoja wetu anang'ang'ania Msimbati kwa ajili ya ufukwe. Mwingine anataka mapiko, ngoma ya vinyago ya Wamakonde, yatokee kwenye kiitikio ili watu wajue ni kusini. Mimi sijashawishika na yote mawili, ila sina la kuweka badala yake.

Vifaa: Canon moja ya kuazima yenye lenzi ya milimita 50, simu mbili, droni hatuna. Bajeti ni elfu 60 kwa kikundi kizima. Ubao tunawasilisha wiki ijayo, kushuti ni mwishoni mwa Novemba. Wazoefu, mnaanzia wapi kutafuta picha za wimbo? Nawasilisha.

Kijana wa Mikindani

Mkuu, mbona jibu unalo kilomita chache tu hapo? Panda daladala uje Mikindani. Boma la Wajerumani la 1895 lipo, limekarabatiwa, linapendeza. Vichochoro, nyumba za mawe ya matumbawe, milango ya kuchonga, vibaraza vya mbao. Livingstone alianzia hapa safari yake ya mwisho mwaka 1866, kwa hiyo hata habari ya mtu kuondoka asirudi unayo. Ubao wako unajaa asubuhi moja.

Dada wa Harusi Mtwara

Msomi, mdogo wangu, nimesoma swali lako, nikarudi kwenye kiitikio, nikakisoma tena. "Sahani yako tumeifunika." Picha yenu ya kwanza iko hapo, mwenzenu keshaiandika. Pinterest mnafuata nini?

Mimi napiga vidio za harusi na sherehe za watoto wakitoka jando, hapa mjini na vijijini mpaka Tandahimba. Kazi hii imenizoesha kutazama mikono kabla ya mandhari. Ufukwe wa Msimbati ni mzuri, hakuna anayebisha, lakini ni ule ule kwa wimbo wa mapenzi, wa injili na kwa tangazo la soda. Mikono ya mama inayofunika ugali wa muhogo kwa kawa usiku, halafu asubuhi inafunua na kukuta chakula kimelala vile vile, hiyo ni ya wimbo huu peke yake. Wimbo wowote mwingine ukiubandika pale utakataa.

Kwa hiyo nendeni nyumbani kwa mwenye wimbo, si darasani. Muulizeni sahani yenyewe ni ipi. Ya bati yenye ua, au ya plastiki? Nani anaifunika? Kaka alikuwa analala wapi, na kitanda chake sasa analalia nani? Aliondoka mwezi gani, kavaa nini, nani alimsindikiza na aliishia wapi kumsindikiza? Kila jibu linaloshikika, lipigeni kwa simu pale pale, bila kupanga. Hizo ndizo za kubandika. Maelezo ambayo mwalimu anataka yatajiandika, kwa sababu kila picha itakuwa na mtu anayeweza kuieleza.

Wakiwa na albamu ya familia, ombeni kuifungua. Angalieni picha za zamani za studio, mtu kasimama wima, mkono mmoja juu ya kiti, pazia nyuma. Halafu mkirudi kwenye intaneti mtafuteni mpiga picha mmoja, Seydou Keïta wa Bamako, Mali. Alifungua studio yake mwaka 1948. Alipigia uani, kwa mwanga wa jua, na nyuma ya watu alitundika kitambaa chenye michoro. Cha kwanza kilikuwa shuka la kitandani kwake. Tazameni vile nguo ya mtu na nguo ya ukutani zinavyovutana mpaka jicho linakimbilia usoni. Nyinyi mna khanga kila nyumba. Tundikeni khanga mbili kwenye kamba ya uani, wale dada zake wanaoitikia wakae mbele yake, mmoja kwenye kiti, mwingine kwenye kigoda. Hamtumii hata shilingi, na hiyo lenzi ya milimita 50 inafaa kabisa kwa nyuso.

Sasa tuje kwenye Novemba, maana hapa ndipo mna bahati. Kusini nzima iko kwenye mikorosho. Wimbo unamsema aliyeondoka, lakini kamera mnaweza kuielekeza kwa waliobaki: kaka hayupo, korosho zinaokotwa na nani? Nendeni shambani mapema mkae chini, kamera usawa wa goti. Mama anainama, anaokota bibo, lile tunda la mkorosho, jekundu au la njano, anaikamata korosho kwa vidole viwili, anaizungusha, inang'oka. Bibo linatupwa upande mmoja, korosho inaingia kwenye ndoo. Ndoo ikiwa tupu korosho inalia ikigonga chini. Inavyozidi kujaa sauti inazama. Rekodini sauti hiyo. Inaweza kuanza kabla ya gitaa. Maji ya bibo yakikaukia kwenye nguo yanaacha doa la kahawia ambalo sabuni haitoi, na kila mtu wa huku akiliona analijua. Mwimbaji wenu avae nguo ya shamba yenye madoa hayo. Msimnunulie mpya.

Mkipata nyumba wanayobangua kienyeji, ongezeni. Korosho zinachomwa kwenye karai mpaka mafuta ya maganda yanashika moto na moshi mweusi unapanda, kisha zinagongwa moja moja. Vidole vya mbanguaji vina majivu kwa sababu mafuta yale yanababua ngozi. Mikono ile ikijaza fremu, nyuma pasiwe na kitu, haihitaji maelezo. Ila kaeni upande upepo unakotokea, ule moshi si wa kuvuta.

Halafu kasi. Mapigo 100 ni zawadi. Wekeni kamera kwenye fremu 25 kwa sekunde: kila pigo linapata fremu 15 kamili, mapigo manne ni sekunde 2.4, na wimbo wote unagawanyika kwenye mafungu 80 ya mapigo manne. Chukueni karatasi, chora visanduku 80, andika humo nini kinaonekana wapi. Mtagundua haraka kwamba picha 12 za ubao zinatosha vidio nzima, nyingine zinarudi. Na msikate kila pigo. Huu ni wimbo wa kungoja. Sahani iachwe ikae mafungu manne bila kukatwa, mtazamaji naye angoje. Kwenye korosho ndipo mkate upesi.

Mwanga: mwezi huu jua la mchana liko utosini, macho ya mtu yanageuka mashimo. Linachomoza kabla ya saa 12 asubuhi. Shutini mpaka saa 2, pumzikeni, rudini saa 10 jioni. Katikati hapo pigeni za ndani, mtu akae karibu na mlango ulio wazi, mwanga umpate ubavuni. Ndani kukiwa na taa za tyubu wekeni shata, yaani muda kamera inaopokea mwanga, kwenye 1/50 ya sekunde, la sivyo picha itachezacheza.

Kijana wa Mikindani, kwenu ni kuzuri na mimi nakuja na maharusi. Lakini hawa hawahitaji Boma. Wanahitaji mlango mmoja usiofungwa, na kwa mlango mmoja hakuna sababu ya kutoka nyumbani kwa mtu.

Msomi wa Shangani

Dada, asante sana. Tulikwenda kwao jana kama ulivyosema. Kwao ni Msangamkuu, kwa hiyo lazima uvuke, na hilo peke yake limebadilisha mambo. Kaka aliondoka mwezi wa kwanza, korosho zikiwa zimeshauzwa. Mama alimsindikiza mpaka kivukoni upande wa Msangamkuu, hakupanda. Alisimama pale mpaka chombo kikafika ng'ambo ya mjini. Sahani ni ya bati, nyeupe yenye ua jekundu, pembeni imebanduka rangi. Kawa ni ya ukindu, kaisuka bibi.

Tumepiga picha na zipo nyingi za kuchagua. Yamebaki mawili. Kwanza, mwenzetu bado anataka mapiko, na hoja yake ni kwamba bila hayo mwalimu ataona hatujatumia utamaduni. Pili, tungependa mwimbaji aonekane anakwenda polepole kivukoni lakini mdomo wake uendane na wimbo. Inawezekana kwa kamera yetu?

Mzee wa Newala

Wanangu, hamjambo. Mimi nitajibu hilo la mapiko tu.

Lipiko si vazi la kukodi. Kwetu Wamakonde anayelicheza amefunikwa mwili mzima, kichwani kavaa kinyago cha mti mwepesi kilichochongwa sura, na wanawake na watoto ambao hawajaingia jando hawatakiwi kujua ni nani yumo ndani. Linatoka vijana wakitoka jando. Lina furaha yake na hofu yake, na vyote viwili vina mahali pake. Kumweka kijana wa chuo ndani yake akatikisike nyuma ya wimbo wa gitaa kwa sababu tu inapendeza, wazee wataumia, na watakuwa na haki. Vipo vikundi vya ngoma vinavyocheza hadharani, mkienda kwa kiongozi wa kikundi kwa heshima mkaeleza wimbo unasema nini, atawaambia kipi kinaruhusiwa. Lakini mimi nauliza, wimbo wenu una jando ndani yake? Hauna. Una mama na sahani.

Utamaduni mnaoutafuta mmeshaukuta na hamjautambua. Kawa aliyosuka bibi ni nini? Ugali wa muhogo ni nini?

Kama bado mnataka jicho la wachongaji, nendeni kwa mchonga mpingo mkae naye. Mpingo kwa ndani ni mweusi, na pembeni una utepe wa mti mweupe-manjano. Mchongaji anayejua kazi anaacha kidogo ule weupe pale anapotaka uso utoke gizani. Tazameni sura ikianza kutoka kwenye gogo, mtajifunza kupanga mwanga. Na mtazameni Edward Tingatinga, wa kusini huyu, mzaliwa wa Tunduru, aliyefariki mwaka 1972. Alipaka rangi za baiskeli juu ya vipande vya ubao, mnyama mmoja anajaza ubao mzima, nyuma rangi tupu. Sahani yenu ikijaza picha hivyo hivyo, juu ya mkeka wa rangi moja, mtu hataisahau.

Siku mkipata nauli njooni Newala, muone Shimo la Mungu asubuhi, bonde la Ruvuma lote chini yako na Msumbiji ng'ambo. Ila kwa wimbo mwingine.

Lindi Kwetu

Nimependa uzi huu. Naongeza ya vibali maana wanafunzi wengi hukwama hapo, halafu na wazo moja.

Ombeni barua ya utambulisho chuoni, nakala ipelekeni kwa mtendaji wa kijiji au wa mtaa kabla ya siku yenyewe. Wahusika wa kivuko nao waombwe mapema, msiwashtukize na kamera abiria wakiwa wanapanda. Mnaposhuti upande wa mjini msielekeze lenzi bandarini, na mkipita barabara ya Madimba kuelekea Msimbati msipige mitambo ya gesi. Maeneo hayo yana ulinzi, mtapoteza siku nzima mkijieleza. Msimbati yenyewe iko ndani ya hifadhi ya bahari, kuna kiingilio, na juu yake kuna nauli, vyote vitakula elfu 60 yenu. Atakayejitolea droni mwambieni asante. Droni inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Kama baadaye mtataka vidio itoke nje ya darasa, irushwe hadharani, ulizeni Bodi ya Filamu mapema.

Wazo langu ni chumvi. Sisi Lindi tuna mashamba ya chumvi pembeni ya bahari, na Mtwara mnayo pia. Maji yakikauka yanaacha uwanja mweupe, watu wanakusanya vichuguu kwa jembe na reki. Mwanadamu mmoja mweusi kwenye weupe ule, huyo ndiye aliye mbali. Kaka hamna namna ya kumpiga picha Dar kwa bajeti hiyo, basi mwekeni pale, asionekane sura. Angalizo moja: kamera ikiona nyeupe tupu inadhani mwanga umezidi na inaitia kijivu. Pandisheni mwanga hatua moja kwa mkono.

Msomi wa Shangani

Shikamoo mzee wetu wa Newala. Nimemsomea mwenzetu majibu yako yote, amekubali, mapiko tumeyatoa. Mchongaji tumempata karibu na soko, ametukaribisha.

Ubao umefika picha 14. Sahani juu ya mkeka, kawa kwa karibu, mlango wa uani kutokea ndani, kitanda cha kaka chenye magunia ya korosho juu yake (hii hatukuipanga, ndivyo tulivyokikuta), mikono na bibo, ndoo, dada wawili mbele ya khanga, kivuko kinatoka, kivuko kutokea ufukweni alikosimama mama, mtu kwenye chumvi bila sura. Zilizobaki ni za rangi tu: nyekundu ya ua la sahani na ya mabibo, nyeupe ya chumvi na ya bati. Kitanda tunaona kiende kwenye ubeti wa pili. Kuhusu chumvi tunabishana: mmoja anasema tukimwonyesha kaka, hata kwa mbali, tunaharibu kungoja.

Dada wa Harusi Mtwara

Huyo anayesema mnaharibu kungoja ana jicho, msikilizeni. Mimi chumvi ningeibakiza kwenye ubao kwa ajili ya rangi, kwenye vidio ningeitoa. Lindi Kwetu anisamehe, picha yake ni nzuri sana, lakini kaka akionekana tu, mtazamaji anaanza kumfuata yeye na kumwacha mama. Kitanda chenye magunia ndicho kinachosema hayupo. Nimekisoma hicho mwili ukanisisimka. Kipigeni kama kilivyo, msisogeze hata gunia moja.

Kuhusu kwenda polepole: kama hiyo Canon inakubali fremu 50 kwa sekunde, shutini kwa 50 huku wimbo unapigwa kwa kasi mara mbili, na mwimbaji aimbe kwa kasi hiyo hiyo. Mkiirudisha kwenye 25 mwendo unakuwa nusu na mdomo unakaa sawa na wimbo wa kawaida. Afanye mazoezi nyumbani kwanza, maneno yanakimbia. Spika iwe na chaji na iwekwe karibu naye, kivukoni kuna kelele ya injini.

Ile ya mama kusimama ufukweni msimwombe aigize. Mtakapovuka kurudi mjini na vifaa, mmoja wenu abaki na simu upande wa Msangamkuu, na Canon iwe kwenye chombo inatazama nyuma. Mama akija kuwasindikiza mtaipata. Asipokuja, pigeni ufukwe mtupu.

Ubao huo mwonyesheni yeye kabla ya mwalimu. Ni sahani yake na ni mwanawe, akisema picha fulani isitoke, haitoki, hata kama ndiyo bora kuliko zote.

Jumamosi nina harusi Ligula. Jumapili kuanzia saa 3 nipo nyumbani. Riflekta na stendi ya kamera nitawaazima. Njooni wawili, na kitambulisho cha chuo.